Shimo la 18 la Turnberry: nani hasa alimshinda Tom Watson?

Jumapili ya Julai 19, 2009, mcheza gofu wa Marekani Tom Watson alifika kwenye shimo la mwisho la kiwanja cha Turnberry, pwani ya Ayrshire huko Uskoti, akihitaji mikwaju minne tu awe bingwa wa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza. Shimo lenyewe ni la par 4, yaani mchezaji hodari hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju minne. Hakutakiwa kufanya maajabu, alitakiwa kufanya la kawaida. Akatumia mitano, akaingizwa kwenye mashimo ya ziada dhidi ya Mmarekani mwenzake Stewart Cink, na huko akafungwa vibaya.

Watson alikuwa na miaka 59, na Septemba mwaka uleule angetimiza 60. Oktoba iliyotangulia madaktari walikuwa wamembadilishia nyonga ya kushoto. Kama angeshinda, angefikisha mataji sita ya The Open, sawa na Harry Vardon ambaye rekodi yake haijaguswa tangu 1914. Tena angempita kwa mbali Julius Boros, aliyeshinda PGA Championship ya mwaka 1968 akiwa na miaka 48 na ambaye hadi siku hiyo ndiye aliyekuwa mshindi mkongwe kuliko wote wa mashindano makubwa manne ya gofu.

Tangu siku hiyo hadithi inayosimuliwa ni moja: uzee ulimkamata mzee mlangoni. Inapendeza kusikiliza, na ina ukweli ndani yake, ila ukweli huo umewekwa mahali pasipo pake. Ili kuona umri ulifanya nini na haukufanya nini, inabidi kisa kianzie miaka sita nyuma, kwenye kiwanja hichohicho, kwenye mashindano ya wazee wenyewe.

Mwaka ambao shimo lilimpa

The Open ya wazee, kwa wachezaji waliotimiza miaka 50, ilizaliwa Turnberry mwaka 1987, na Mwingereza Neil Coles akawa bingwa wa kwanza. Gary Player wa Afrika Kusini alishinda hapohapo 1988, akashinda tena 1990. Lakini Wamarekani wengi hawakuyapa uzito mashindano hayo hadi 2003, mwaka ambao mzunguko wao wa wazee, yaani mfululizo wao wa mashindano ya kila msimu, uliyaingiza rasmi kwenye orodha ya mashindano yake makubwa matano. Mwaka huo yalirudi Turnberry.

Watson alikuwa na miaka 53. Mbele yake alikuwa Mwingereza Carl Mason, mtu aliyecheza Ulaya miaka mingi bila jina lake kuvuma sana, na ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametimiza 50 mwezi uliopita. Kwenye uwanja uliojaa wazee, Mason alikuwa kijana. Siku ya mwisho alifika shimo la 18 akiongoza kwa mikwaju miwili. Hata bogi, yaani mkwaju mmoja juu ya par, ingemtosha kuwa bingwa.

Akaandika 6.

Wote wawili wakabaki na 263, mikwaju 17 chini ya par, alama za kutisha kwa kiwanja chochote cha pwani. Wakaenda mashimo ya ziada, na kwenye shimo la pili Watson akatwaa taji. Alicheza vizuri sana siku ile, hilo halina ubishi, ila taji hakulichukua mwenyewe kwenye shimo la 18. Shimo lilimnyang'anya Mason likampa yeye.

Miaka miwili baadaye Watson alishinda tena The Open ya wazee, mara hii Royal Aberdeen, na 2007 akashinda Muirfield. Mataji matatu ndani ya miaka mitano, viwanja vitatu tofauti, vyote vya pwani ya Uskoti. Kwa hiyo waliofungua vinywa mwaka 2009 wakiuliza mzee huyu katokea wapi, nadhani tatizo ni kwamba walikuwa hawatazami gofu ya wazee.

Ardhi inayombeba mzee

Mtu wa miaka 59 hawezi kumfikia kijana wa miaka 25 kwa nguvu, na kwenye viwanja vingi vya kisasa hapo ndipo habari yake inapoishia. Nyasi ni laini, ardhi ina unyevu, mpira unakaa pale ulipoangukia. Mwenye nguvu anaupeleka mbali hewani, kisha anapiga mkwaju wa pili kwa chuma kifupi, yaani fimbo fupi ya chuma, kinachoupandisha juu na kuushusha wima. Mzee aliyebaki nyuma anashika fimbo ndefu na kuomba Mungu. Aprili ya mwaka 2009 Watson alicheza mashindano ya Masters huko Augusta, Marekani, na hata mchujo wa siku mbili za kwanza hakupita.

Kiwanja cha pwani ya Uskoti ni jambo jingine. Chini ni mchanga, maji hayatuami, nyasi ni fupi na ngumu. Mpira ukianguka unaruka, unakimbia, unafuata mteremko. Mzee akipiga mkwaju wa chini usiopanda sana, ardhi inamwongezea yadi ambazo mabega yake hayana tena. Upepo wa bahari nao unawaadhibu wanaopiga juu. Kinachobaki kuwa na thamani ni kujua mpira utaruka upande gani, na hilo linapatikana kwa kurudi palepale mwaka baada ya mwaka. Watson alishinda The Open yake ya kwanza Carnoustie mwaka 1975, na mpaka 2009 alikuwa akiisoma ardhi ya aina hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kuna bei yake, bila shaka. Ardhi inayokimbiza mpira pale unapotaka ukimbie itaukimbiza pia pale unapotaka usimame.

Siku tatu na nusu

Alhamisi Watson alipiga 65, tano chini ya par, akawa mkwaju mmoja nyuma ya Miguel Ángel Jiménez. Siku mbili za kwanza alipangwa pamoja na Sergio García na Matteo Manassero, kijana wa Kiitaliano wa miaka 16 ambaye bado hakuwa mchezaji wa kulipwa. Ijumaa upepo ulikuja kwa hasira. Tiger Woods akakatwa kwenye mchujo, Watson akapiga 70, akiingiza pati, yaani mikwaju ya kuusukuma mpira chini kwa chini hadi shimoni, za mbali sana kwenye mashimo ya 16 na 18. Jumamosi 71, na jioni alikuwa peke yake kileleni, minne chini ya par.

Jumapili watu walianguka mmoja mmoja. Ross Fisher alikuwa akiongoza, kisha shimo la 5, lenye par 4, akalipiga kwa mikwaju minane. Watson naye alipoteza mikwaju mapema, lakini kila aliyemkaribia alirudi nyuma. Kwenye shimo la 17 akapata badi, mkwaju mmoja chini ya par, akabaki peke yake mbele, mitatu chini. Cink alikuwa ameshamaliza, baada ya kupata badi kwenye shimo la 18 na kuandika miwili chini. Alibaki kusubiri, bila chochote cha kuharibu.

Kabla Watson hajafika, wengine wawili walikuwa wameshaonjeshwa shimo hilo. Chris Wood, kijana wa miaka 21, alipata bogi akakosa mashimo ya ziada kwa mkwaju mmoja. Lee Westwood, miaka 36 na kwenye ubora wake, aliutia mpira kwenye banka la mchanga, akautoa kwa mkwaju wa kusisimua hadi ndani ya grini, yaani eneo la nyasi fupi kabisa lenye shimo. Akadhani anahitaji badi ili kumfikia Watson. Akaipiga pati ya kwanza kwa nguvu, ikapita shimo, ya kurudi nayo akaikosa. Pati mbili tu zingemtia kwenye mashimo ya ziada. Alitumia tatu.

Mikwaju mitatu ya kuchunguzwa

Shimo la 18 la Turnberry wakati huo lilikuwa na yadi zaidi ya 450, na lilikuwa limeshapewa jina la pambano la Watson mwenyewe na Mmarekani mwenzake Jack Nicklaus kwenye The Open ya mwaka 1977, iliyochezwa hapohapo. Wakati ule wawili hao waliwaacha wenzao mbali kiasi kwamba Hubert Green, aliyemaliza wa tatu, alikuwa mikwaju 11 nyuma ya mshindi. Nicklaus alitoka kwenye magugu ya 18, akaingiza pati ndefu ya badi, na Watson akajibu kwa kuingiza yake fupi: 268 kwa 269. Yaani mwaka 2009 Watson alikuwa anacheza shimo lililobeba sifa yake.

Mpira wa kwanza aliuweka katikati ya njia, safi kabisa. Zilibaki yadi kama 190 hadi kwenye bendera, na upepo ulikuwa ukisukuma kwa nyuma. Akasita kati ya chuma namba 8 na namba 9, ambacho hakipeleki mpira mbali kama 8. Akachagua 8.

Hapa ndipo wachambuzi wengi walipojenga kesi yao: angechukua 9, mpira ungesimama. Labda. Lakini chuma namba 9 kingeweza vilevile kuangusha mpira fupi, mbele ya grini, na wale wanaosema 9 leo ndio wangesema kesho yake kwamba mzee aliogopa kupiga. Watson mwenyewe alisema aliupiga jinsi alivyotaka, na ukiutazama mpira ukiwa hewani huoni kosa. Ulianguka ndani ya grini, ukaruka kwa ukali kuliko ulivyostahili, ukakimbia hadi nyuma na kutoka. Mchezaji wa miaka 30 angepiga mkwaju uleule na ungeruka vilevile. Kwangu mimi huu si mkwaju wa uzee, na wala sidhani ni mkwaju mbaya. Ni bei ya ardhi niliyoitaja.

Mkwaju wa pili wa kuchunguza ni ule wa kutoka nyuma ya grini. Mpira ulikuwa pembeni, kwenye nyasi, na angeweza kuunyanyua kidogo kwa fimbo ya kupandishia. Alitumia pata, fimbo ya kupigia pati. Waliozoea viwanja laini walilishangaa hilo, ila kwenye pwani ya Uskoti ni uamuzi wa mtu anayejua anakocheza: pata mbaya hukuacha karibu kuliko mkwaju mbaya wa kupandisha. Uamuzi ulikuwa sahihi. Kipimo ndicho kilichokosewa. Nadhani aliogopa nyasi zisiushike mpira ukabaki njiani, akaongeza nguvu, na mpira ukapita shimo kwa futi kama nane.

Futi nane kwa ubingwa. Pati aliyopiga ilikuwa dhaifu, haikutishia shimo hata kidogo. Kila mtu aliyeitazama alijua imekosa kabla haijafika.

Huu ndio mkwaju ambao watu wanauita uzee, na ndio ninaoukatalia kwa nguvu zaidi. Pati fupi zilianza kumtesa Watson akiwa bado mtu wa makamo. Baada ya kushinda Marekani mwaka 1987 hakushinda tena mashindano ya mzunguko wa PGA hadi 1996, na waliomfuata miaka hiyo walijua sababu: kutoka kwenye ti, pale mkwaju wa kwanza unapopigwa, hadi kwenye grini alikuwa bado miongoni mwa bora duniani, ila akifika futi nne au tano kutoka kwenye shimo mikono inamkana. Mwaka 1994 The Open ilichezwa Turnberry hiihii. Watson, akiwa na miaka 44, aliongoza baada ya siku mbili. Siku ya mwisho akapiga 74 akashuka hadi nafasi ya 11. Ugonjwa ulikuwepo miaka kumi na mitano kabla ya Jumapili ile. Kilichobadilika mwaka 2009 ni kwamba kwa siku nne karibu nzima ulilala, halafu ukaamka kwenye pati ya mwisho.

Mwaka huohuo wa 1994 kuna ushahidi mwingine. Jesper Parnevik wa Uswidi, miaka 29, alifika shimo la 18 akiongoza, ila alikuwa ameamua asiangalie mbao za alama. Akadhani anahitaji badi, akaishambulia bendera, akakosa grini na kuandika bogi. Nyuma yake Nick Price wa Zimbabwe akaingiza pati ndefu mno kwenye shimo la 17, akashinda kwa mkwaju mmoja. Weka basi orodha pamoja: Parnevik 29, Wood 21, Westwood 36, Mason 50, Watson 59. Wote walifika kwenye shimo hilo na ubingwa au mashimo ya ziada mkononi, wote waliondoka mikono mitupu. Ukitafuta kinachowaunganisha, umri hutaupata.

Pale umri ulipoingia

Uliingia dakika chache baadaye. Wakati ule The Open iliamuliwa kwa jumla ya mashimo manne ya ziada: Turnberry walicheza 5, 6, 17 na 18. Cink aliandika 4, 3, 4, 3. Watson 5, 3, 7, 5. Tofauti ya mikwaju sita ndani ya mashimo manne!

Angalia ile 7 ya shimo la 17. Muda mfupi kabla, kwenye shimo hilohilo, Watson alikuwa amepata badi. Sasa mpira wa kwanza ulikwenda kushoto, ukazama kwenye majani marefu, na baada ya hapo hakuwa tena mchezaji yuleyule. Mkao wake ulikuwa umelegea, miguu haimshikilii anapozungusha mwili. Mtu mwenye nyonga mpya alikuwa ametembea siku nne kwenye vilima vya mchanga, akabeba taifa la watazamaji mgongoni, akafika kilele, akashushwa, kisha akaambiwa aanze upya. Cink alikuwa na miaka 36 na alikuwa amepumzika akisubiri. Hapo, ndiyo, uzee ulishinda. Ulimshinda katika kuinuka tena baada ya kupigwa, ambako mwili wa mzee hauna akiba.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu gofu ya wazee si maonyesho ya kumbukumbu kama baadhi ya watu wanavyoidharau. Ukiondoa tofauti ya akiba ya mwili, kinachobaki ni mchezo uleule na mateso yaleyale. Bernhard Langer alishinda The Open ya wazee mwaka 2017 Royal Porthcawl, pwani ya Wales, akiwa na miaka 59, umri uleule wa Watson siku ile. Alimaliza minne chini ya par, mikwaju mitatu mbele ya Corey Pavin. Miaka miwili baadaye akashinda tena Royal Lytham.

Baada ya Jumapili

Chumba cha waandishi kilipokuwa kimya jioni ile, Watson aliwaambia hapa si msibani. Juma lililofuata alikuwa Sunningdale, kwenye The Open ya wazee, anacheza.

Kilichofuata kina umuhimu kuliko kinavyotajwa. R&A, wasimamizi wa mashindano, walikuwa na kanuni kwamba mabingwa wa zamani wanaruhusiwa kucheza hadi miaka 60 tu. Watson angekuwa na nafasi moja ya mwisho, 2010. Baada ya Turnberry wakaongeza kanuni kwamba bingwa wa zamani akimaliza ndani ya kumi bora anapata ruhusa ya miaka mitano mingine. Si huruma waliyompa. Mwaka 2011 Royal St George's, akiwa na miaka 61, aliingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja kwenye shimo la 6 na kumaliza nafasi ya 22 pamoja na wengine. Mwaka 2014 Hoylake alipita mchujo akiwa na miaka 64. Aliaga 2015 St Andrews. Rekodi ya Boros ilivunjwa 2021 na Phil Mickelson, huko Kiawah Island, kiwanja kingine cha kando ya bahari, akiwa na miaka 50. Pengo la miaka tisa kati ya Mickelson wa 2021 na Watson wa 2009 linaonyesha vizuri zaidi kuliko maneno yangu jinsi Jumapili ile ilivyokaribia kutokuwa ya kawaida.

Turnberry yenyewe haijawaona tena wachezaji wa The Open. Wazee walirudi mara ya mwisho 2012, Fred Couples akashinda. Mwaka 2014 kiwanja kikanunuliwa na Donald Trump, na Januari 2021 R&A ikatangaza kwamba haina mpango wa kupeleka mashindano yake huko kwa siku za karibuni.

Carl Mason hakukata tamaa baada ya ile 6 yake. Alishinda mara 25 kwenye mzunguko wa wazee wa Ulaya, rekodi ya mzunguko huo, na mara tatu alimaliza msimu akiwa wa kwanza. Mashindano makubwa ya wazee hakushinda hata moja. Na katika miaka yote hiyo, sijasoma popote mtu akiandika kwamba siku ile ya 2003 alishindwa kwa sababu ya umri.